Mama ana kadi ya kijani na shamba Murang'a: nani atalipia matunzo yake Minnesota?

Swali: Mimi ni Mkenya, naishi Brooklyn Park, Minnesota, na nafanya kazi ya uuguzi msaidizi, mara nyingi zamu mbili kwa siku. Mama yangu ana miaka 72. Nilimwombea kadi ya kijani, akaingia Juni 2021. Baba alishafariki. Oktoba iliyopita mama alipata kiharusi. Upande wa kulia umelegea, maneno yanamtoka kwa shida, na hawezi kuoga wala kwenda chooni bila mtu. Tunamlipia bima ya MNsure, lile soko la bima la jimbo. Hiyo ililipa hospitali, lakini wanasema matunzo ya kila siku si juu yao. Kazini naambiwa akitimiza miaka mitano mwezi wa sita Medicare italipa makao ya wazee. Mama mmoja kanisani ananihimiza tuhamishe shamba la Murang'a liwe kwa jina la kaka yangu kabla hatujaomba chochote. Mwingine anasema jimbo litanilipa mimi mwenyewe nikae naye nyumbani. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada yangu, pole sana kwa kuuguza. Najua unavyotoka kuwageuza wazee wa watu usiku kucha, ukafika nyumbani ukaanza na wako. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu maswali ya namna hii yananifikia kutoka kwa Wakenya, Watanzania na Wakongo, na hadithi zinazowapoteza ni zilezile.

Wote watatu wamekupa nusu ya kweli. Ushauri wa kanisani ndio wenye hatari kubwa zaidi, nami nitaukalia kuliko mengine. Kama zamu inakuita na huna muda wa kumaliza kusoma, shika hili moja kwanza: msihamishe shamba.

Sasa tuanze na la kazini. Medicare na Medicaid zilitoka katika sheria moja, ile aliyoisaini Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965, na mpaka leo hata watu wanaofanya kazi ndani ya makao ya wazee wanazichanganya. Medicare inafuata umri. Ukifika 65, uwe tajiri au fukara, inakulipia matibabu: hospitali, daktari, dawa. Medicaid inafuata uhitaji. Serikali kuu na jimbo wanachangia gharama, kila jimbo lina kanuni zake, na hapa Minnesota jina lake ni Medical Assistance, au MA kama tunavyoisema. Kuogeshwa, kuvishwa, kulishwa, kupelekwa chooni, kuwa na mtu wa kumwangalia mchana na usiku, hayo kwa muda mrefu hulipiwa na MA. Takriban wakazi 6 kati ya 10 wa makao ya wazee nchini Marekani wanalipiwa na Medicaid. Siyo kwamba wote walianza maisha wakiwa maskini. Makao hayo yanakula zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, na hakuna akiba ya mshahara wa kawaida inayostahimili hapo kwa muda.

Hizo "siku mia moja za Medicare" unazosikia kazini zipo kweli, ila zina masharti ambayo hayatajwi kwenye mazungumzo ya chakula cha mchana. Mgonjwa lazima awe amelazwa hospitali rasmi siku tatu mfululizo, halafu apelekwe kwenye kituo cha uuguzi kwa sababu anahitaji tiba ya kitaalamu kila siku, kwa mfano mazoezi ya viungo au ya kuongea. Siku 20 za kwanza halipi. Kuanzia ya 21 hadi ya 100 anachangia dola 217 kwa siku mwaka huu wa 2026. Baada ya hapo Medicare inanawa mikono. Halafu kuna mtego: hospitali inaweza kumweka mgonjwa kitandani usiku tatu "chini ya uangalizi" bila kumlaza rasmi, na usiku hizo hazihesabiwi. Siku mama akiwa na Medicare na akaingia hospitali, swali lako la kwanza kwa muuguzi wa zamu liwe hilo: amelazwa, au yuko chini ya uangalizi?

Kuna haki moja watu wengi hawaijui. Tangu mapatano ya kesi ya Jimmo mwaka 2013, si halali kumkatia mgonjwa wa Medicare tiba ya viungo kwa hoja kwamba "haonyeshi maendeleo". Kama tiba hiyo ya kitaalamu inamzuia asirudi nyuma, inatosha. Kwa mtu wa kiharusi hili ni jambo kubwa, na bado utasikia ile lugha ya "amefika kikomo chake" kila mahali.

Je, mama ataipata Medicare mwezi wa sita? Ndiyo, mwenye kadi ya kijani aliyekaa Marekani miaka mitano mfululizo na ametimiza 65 anaruhusiwa kujiunga. Lakini hataipata bure. Sehemu A, ile ya hospitali, haina ada kwa aliyefanya kazi na kukatwa kodi hapa kwa robo 40, yaani miaka kumi, au ambaye mwenzi wake alifanya hivyo. Mama hakufanya kazi hapa, na marehemu baba hakufanya kazi hapa. Jasho lako wewe halihesabiwi kwake, hata kama umekatwa kodi miaka ishirini. Kwa hiyo Sehemu A itakuwa dola 565 kwa mwezi na Sehemu B ya madaktari dola 202.90, jumla dola 767.90. Anaweza kuchukua B peke yake. Akichelewa kuichukua bila sababu inayokubalika, ada ya B inaongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 ya kuchelewa, na nyongeza hiyo haiondoki. Upo mpango wa MA unaoitwa QMB ambao huwalipia wazee wenye kipato kidogo ada zote mbili, na mama akishakubaliwa kwenye MA mwombeeni huo pia. Akubaliwe kwanza, ndiyo kazi yenyewe.

Maana MA nayo ina mlango wa uhamiaji. Sheria ya mwaka 1996 iliweka miaka mitano ya kusubiri kwa wenye kadi ya kijani walioingia kama mama yako. Hiyo inaisha Juni. Lakini nyuma ya mlango huo kuna mwingine, na huu una jina lako. Ulipomwombea mama ulisaini fomu I-864, kiapo kwamba utamkimu. Watu husaini ile fomu kama wanavyosaini karatasi za kukodi nyumba, bila kuisoma. Inaruhusu ofisi ya MA ihesabu kipato chako, na cha mumeo kama unaye, kana kwamba ni cha mama. Ukipiga zamu mbili, mama kwenye karatasi anaonekana mwenye mshahara wa zamu mbili. Kiapo hicho hakiishi baada ya miaka mitano. Kinaisha mama akiwa raia, akikamilisha robo 40 za kazi, akihama Marekani moja kwa moja, au akifariki.

Upo msamaha kwa mzee ambaye kile anachopata, pamoja na msaada halisi wa mdhamini wake, hakimtoshi chakula na mahali pa kulala. Akipewa msamaha huo, kwa miezi 12 wanahesabu kile unachompa kweli badala ya mshahara wako wote. Anayeishi nyumbani kwako na kula chakula chako ana kazi ngumu ya kuuthibitisha. Mimi nisingeujengea mpango wangu wote juu yake.

Njia ninayoiamini ni uraia. Maombi, fomu N-400, yanaweza kupelekwa siku 90 kabla ya kutimiza miaka mitano, kwa hiyo kwa mama yako ni mwezi wa tatu, kutegemea tarehe aliyoingia. Najua utasema: mama haongei vizuri hata Kiswahili tangu augue, huo mtihani wa Kiingereza na historia ya Marekani ataufanyaje? Ipo fomu N-648, ya kumsamehe mtihani mtu ambaye ugonjwa umemfanya ashindwe kujifunza. Inajazwa na daktari, na hapo ndipo inapofia mara nyingi. Daktari akiandika tu "amepata kiharusi", inarudishwa. Lazima aeleze sehemu gani ya ubongo imeathirika, kumbukumbu na lugha zimepotea kwa kiasi gani, na kwa nini kwa sababu hiyo hawezi kujifunza Kiingereza wala majibu ya uraia. Mpeleke kwa daktari wa mishipa ya fahamu anayemfuatilia, mpe nafasi ya kutosha, na karatasi uisome kabla haijatumwa. Ada ya N-400 ni dola 760 kwa karatasi au 710 mtandaoni, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba apunguziwe au asamehewe.

Kabla ya kujaza, fungua pasipoti ya mama uhesabu safari zake. Kama aliwahi kwenda Kenya akakaa zaidi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa mazishi au kwa mavuno, ukaaji wake mfululizo unaweza kuhesabiwa umevunjika, na hapo onana na wakili wa uhamiaji kwanza. Usiogope uvumi kwamba kuomba MA kutamnyima uraia. Kipimo cha "mzigo kwa serikali" hakimo katika masharti ya uraia. Kusema uongo kwenye fomu ya MA ndiko kunakoweza kumharibia.

Niwape neno wasomaji Wakongo na Warundi waliokuja kama wakimbizi, kwa sababu kwao hesabu ni nyingine. Wao hawakuwa na ile miaka mitano ya kusubiri. Lakini sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 inawaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye Medicaid ya serikali kuu kuanzia 1 Oktoba 2026, isipokuwa wale waliokwisha kupata kadi ya kijani. Mzee wenu aliyefika miaka minane iliyopita na bado anatembea na karatasi ya ukimbizi, mwombeeni kadi sasa.

Haya, shamba.

Mama wa kanisani amesikia jambo la kweli: MA ina kikomo cha mali. Kwa mtu mmoja hapa Minnesota ni dola 3,000, na majimbo mengi ni 2,000. Nyumba anayoishi mwombaji, gari moja na vyombo vya ndani huachwa nje ya hesabu kwa masharti fulani. Shamba la Murang'a halimo katika orodha hiyo. Mali iliyo nje ya Marekani inahesabiwa kama iliyo ndani: ardhi, akaunti ya benki, hisa za sacco. Hata bonasi ya majani chai inayoingia kwa jina lake ni kipato cha kutangazwa. Hoja ya "nyumba anayoishi" haimsaidii, kwa sababu huwezi kuliambia jimbo kwamba mama ni mkazi wa Minnesota na papo hapo useme makazi yake yako Murang'a.

Alichokosa kusikia ni kwamba sheria iliwatangulia wenye wazo hilo. Ukiomba MA ikulipie makao ya wazee au mpango wa Elderly Waiver, ule wa kumhudumia mzee nje ya makao hayo, ofisi inarudi nyuma miezi 60 na kuuliza kila kitu ulichogawa au kuuza chini ya thamani yake. Ikikuta kitu, inagawanya thamani yake kwa wastani wa gharama ya makao kwa mwezi, na hiyo ndiyo miezi ambayo haitalipa. Tuseme shamba lina thamani ya dola 60,000 na mwezi unahesabiwa dola 10,000: ni miezi sita. Kinachouma ni siku ya kuanza kuhesabu. Zamani adhabu ilianza kukimbia siku ulipogawa mali, kwa hiyo mtu aligawa akasubiri. Tangu sheria ya mwaka 2005, inaanza pale mama anapokuwa tayari anahitaji makao, hana pesa tena, na ametimiza masharti mengine yote. Yaani miezi sita hiyo inakuja wakati hamna kitu mkononi, na shamba liko kwa kaka, pengine limeshawekwa rehani.

Wengine wataniambia, Minnesota itajuaje kuhusu shamba la Murang'a? Huenda isijue. Lakini fomu inasainiwa kwa kiapo, na anayesaini kwa niaba ya mama ni wewe, mwenye cheti cha kazi ya afya na familia hapa. Isitoshe, siku hizi baadhi ya hati za Kenya zinatafutwa mtandaoni kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali. Sitakushauri ufiche, na anayekushauri ufiche hatakuwepo siku ya kuulizwa.

Kabla hamjafanya lolote, jibuni swali ambalo hakuna aliyekuuliza: shamba liko kwa jina la nani? Kwa familia nyingi za Kenya hati bado ina jina la marehemu baba, na kesi ya mirathi ama haijafunguliwa ama iliishia njiani. Kama baba alifariki bila wosia na ameacha mke na watoto, Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 35, inampa mjane vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, lakini mali iliyobaki anapewa haki ya kuitumia maisha yake tu. Akifa, inakwenda kwa watoto. Na kifungu cha 37 hakimruhusu kuuza ardhi hiyo kwa uamuzi wake: anahitaji ridhaa ya wasimamizi wenzake na watoto wote wazima, na ruhusa ya mahakama juu yake.

Hapo mambo yanageuka. Kwa MA, mali inayohesabiwa ni ile ambayo mwombaji ana uwezo wa kisheria wa kuiuza na kutumia pesa zake. Kama mama ana haki ya kulima, kuishi na kuvuna tu, mnayo hoja nzito kwamba shamba hilo si mali iliyo mkononi mwake. Haki yenyewe wanaweza kuikadiria thamani, kwa hiyo sikuahidi kwamba itafutika. Lakini ni mbali sana na kuhesabiwa shamba zima. Sasa fikiria mngemsikiliza mama wa kanisani: mngefungua mirathi haraka, mama akaandikiwa hati yote, halafu akampa kaka. Mngekuwa mmemtengenezea mama mali ambayo hakuwa nayo, kisha mkatengeneza zawadi ya kuadhibiwa. Nimeona familia ikifanya hivyo hivyo, kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo mwombe kaka yako afanye utafutaji rasmi wa hati, na kama kuna cheti cha kuthibitishwa kwa mirathi apate nakala yake. Wakili wa Kenya aandike barua moja ya Kiingereza ieleze mama ana haki gani juu ya ardhi hiyo na hana ipi. Barua hiyo na nakala mpelekee wakili wa mambo ya wazee hapa. Mid-Minnesota Legal Aid wanawahudumia wazee bila malipo, na Senior LinkAge Line, simu ya jimbo ya kuwasaidia wazee, watakuelekeza kwingine wakijaa. Yote haya kabla ya kujaza fomu ya MA. Ikionekana shamba ni la mama kabisa, bado kuna njia halali: kuuza kwa bei ya soko kwa ripoti ya mthamini na kutumia pesa kumtunza si kugawa; kumpa mtoto mwenye ulemavu wa kudumu hakuadhibiwi. Na kama kuna kilichokwisha kuhamishwa, kukirudisha kunaweza kufuta adhabu. Msiuze kwa shangazi kwa bei ya kutupa mkadhani mmeuza.

Sasa yule aliyesema utalipwa. Huyo ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ila amekutajia mwisho wa njia bila kukutajia njia. Mama akishakuwa na MA, mpango wa CFSS wa wasaidizi wa nyumbani, uliochukua nafasi ya ule wa PCA, unaruhusu mtoto mtu mzima kuajiriwa kumhudumia mzazi wake, hata mkiishi nyumba moja. Elderly Waiver, kwa mwenye miaka 65 na zaidi ambaye hali yake ingemfikisha makao ya wazee, inaongeza mengine: kituo cha mchana, vifaa vya bafuni, mtu wa kukupokea upumzike. Hata makazi ya wazee yenye usaidizi, zile nyumba ambazo Wakenya wengi hapa Brooklyn Park wanazifanyia kazi au kuzimiliki, waiver inalipia huduma ndani yake. Kodi ya chumba na chakula haviko humo. Vina mfuko mwingine wa jimbo unaoitwa Housing Support.

Saa utakazolipwa zinatokana na tathmini ya MnCHOICES inayofanywa na kaunti, kwenu ni Hennepin. Mtu yeyote anaweza kuiomba hata kabla ya kuwa na MA, nami nashauri uiombe mwaka huu. Siku ya tathmini ndipo wazee wetu wanapojiangusha. Mgeni ameingia, mama amevaa kitenge kizuri, amekaa wima, anaulizwa kama anaweza kuoga mwenyewe, anajibu naweza. Hatamwambia mtu asiyemjua kwamba mwanawe anamsafisha chooni, na hasa si mbele ya mkwe. Zungumza naye kabla. Omba mkalimani wa Kikuyu au wa Kiswahili, ni haki yake. Usiwe wewe mkalimani, kwa sababu mbele yako ataficha. Na wewe mwenyewe usieleze siku yake nzuri. Eleza usiku wa kuamkana mara nne, siku aliyoanguka, chakula anachopaliwa. Kaa na daftari wiki mbili kabla, uandike kila unapomshika mkono.

Chagua wakala kwa uangalifu. Tangu 2025 jimbo limekaza sana ukaguzi wa malipo ya huduma hizi baada ya kesi za udanganyifu, na CFSS imo katika orodha ya zinazochunguzwa. Wakala anayekuahidi saa nyingi kabla ya tathmini, au anayekwambia andika saa ulizokuwa kazini kwingine, mkimbie. Jina lililo kwenye karatasi ya saa ni lako, si lake.

Hadi hapo, kuna miezi ya kuvuka. Bima ya MNsure iendelee kumlipia daktari, dawa na idadi ya mazoezi inayoruhusu. Hospitali isiyo ya faida lazima kisheria iwe na mpango wa kusamehe bili, kwa hiyo bili isiyolipika iombee msamaha kabla haijauzwa kwa wadai. Huduma za Sheria ya Wazee ya 1965, kama chakula cha kupelekewa nyumbani na mapumziko kwa mlezi, ni za kila mwenye miaka 60 na zaidi bila kuangalia kipato. Hapa Twin Cities, yaani Minneapolis, St. Paul na vitongoji vyake, zinaratibiwa na shirika la Trellis. Na kitu kipya ambacho wenzako kazini huenda bado hawajakitumia: tangu 1 Januari 2026 Minnesota ina likizo ya malipo ya familia, hadi wiki 12 kwa mwaka za kumhudumia ndugu mgonjwa sana, mzazi akiwemo, ukipata sehemu ya mshahara wako. Unaweza kuichukua kwa vipande. Ningekuwa wewe ningehifadhi wiki kadhaa kwa miezi ya N-400 na tathmini.

Wapo watakaokwambia umrudishe nyumbani, kwamba mshahara wa hapa unalipa wasaidizi wawili kule. Hesabu hiyo ni ya kweli, na kwa familia nyingine ndiyo jibu. Ila jueni mnachokiacha. Medicare na MA hazivuki bahari. SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyoanza Oktoba 2024, itamsajili kwa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi na itasaidia akilazwa, lakini msaidizi wa nyumbani mtamlipa wenyewe. Na akikaa kule muda mrefu sasa, miezi michache kabla ya miaka mitano kutimia, saa yake ya uraia inaweza kuanza upya. Amueni kabla ya Machi au baada ya kiapo cha uraia, msiwe katikati. Mwulizeni naye anataka nini.

Wakati bado anaelewa anachoulizwa, aweke mikono yake kwenye karatasi mbili za hapa: mamlaka ya uwakilishi kwa mambo ya fedha, na maelekezo ya afya yanayosema nani aamue asipoweza kusema. Kiharusi cha pili hakitoi taarifa, na bila karatasi hizo utaishia mahakamani kuomba usimamizi. Kwa mambo ya shamba Kenya inahitaji mamlaka yake yenyewe, iliyosajiliwa kule.

Na ikifika siku akaingia makao ya wazee, hata kwa wiki chache za mazoezi, watakuwekea mezani rundo la fomu ukiwa umechoka. Sheria ya serikali kuu inakataza makao yanayopokea Medicare au Medicaid kumlazimisha mtoto adhamini bili ya mzazi kwa pesa zake mwenyewe kama sharti la kumpokea. Bado utaona mstari unaokuomba usaini kama mdhamini au mlipaji. Saini jina la mama, kisha uandike "kwa mamlaka ya uwakilishi" na jina lako. Ule mstari wa mdhamini uukate kwa kalamu, weka herufi za jina lako pembeni, na uondoke na nakala.